Masasisho ya kompyuta ya nyumbani: lini tuyapokee, lini tuyaondoe



Katika nyumba zetu nyingi kompyuta ni moja na watumiaji ni watano. Baba huandikia humo barua na mahesabu ya biashara, mama amehifadhi picha za harusi na za wazee waliotangulia mbele ya haki, kijana wa sekondari hufanyia kazi za shule, binti husikilizia darsa, na aghalabu mmoja katika nyumba ni mtunza hazina wa msikiti au wa chama cha kuzikana, hivyo daftari la michango ya watu nalo limo humo humo. Kisha usiku mmoja, kazi ikiwa haijaisha, kioo hubadilika na kuandika kwamba kompyuta inasasishwa na isizimwe. Nusu saa hupita, saa nzima hupita. Hapo ndipo maneno huanza: nani aliyebonyeza, kwa nini jambo hili lisizuiwe kabisa, na fundi gani aitwe.

Swali linaloletwa kwenye safu hii mara kwa mara ni moja lenye pande mbili. Je, masasisho tuyaache yaingie au tuyafungie mlango? Na lile lililokwisha kuingia likaleta madhara, laweza kutolewa? Tutazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo programu endeshi iliyomo katika kompyuta nyingi za wasomaji wetu.

Programu endeshi ni maandishi marefu mno yaliyotungwa na wanadamu, na kazi ya mwanadamu haikosi kasoro. Kasoro nyingine ni usumbufu tu, kama vile printa kugoma au sauti kukatika. Nyingine ni mfano wa mlango wa uani usio na komeo: mwenye nyumba hajui kuwa upo, bali mwizi akiugundua ataingia kila usiku. Sasisho ni komeo linaloletwa na yule aliyeijenga nyumba. Tangu Oktoba 2003 kampuni ya Microsoft imejiwekea ada ya kutoa makomeo hayo Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu katika miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Msomaji aliyewahi kushangaa kwa nini mashine yake huelemewa katikati ya wiki, Jumatano hasa, amekwisha kupata jibu.

Masasisho hayo ya kila mwezi kila moja lina namba inayoanza na herufi KB, na namba hiyo ndiyo jina lake. Mbali na hayo lipo sasisho kubwa, ambalo kwa sasa huja mara moja kwa mwaka na kubadilisha toleo zima la Windows. Tofauti hii tuizingatie, kwa sababu namna ya kuliondoa la mwezi si namna ya kuliondoa la mwaka.

Sasa tuje kwa wale wanaosema afadhali kuyafunga yote. Hoja yao si ya kipuuzi. Bando ni ghali, umeme hauaminiki, na kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabla haijaguswa. Lakini tukumbuke yaliyotokea Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu ovu iliyoitwa WannaCry ilianza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta, pasina mtu yeyote kubonyeza kitu, na kwa siku chache ikafika katika nchi zaidi ya 150. Kila ilipoingia ilizifunga faili kwa fumbo lisilofumbulika, kisha ikadai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin, na asiyelipa ndani ya siku tatu aliongezewa hadi dola 600. Nchini Uingereza hospitali za umma zilipigwa vibaya. Magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine, na inakadiriwa kuwa miadi ya matibabu zaidi ya 19,000 ilifutwa. Mlango ulioingiliwa ulikuwa umegunduliwa zamani na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, likaufanya siri yake. Siri ikaibwa, na mwezi Aprili mwaka huo ikamwagwa hadharani.

La kutia uchungu ni kwamba komeo la mlango huo lilikuwa limekwisha kutolewa. Microsoft ililitoa tarehe 14 Machi 2017, Jumanne ya pili ya mwezi, karibu miezi miwili kabla ya balaa. Kompyuta iliyolipokea komeo hilo haikuingilika kwa mlango ule. Kilichopunguza makali kwa wengine ni kijana mmoja wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliyegundua kwamba programu ile kabla ya kushambulia huulizia anwani fulani ya intaneti isiyo na mwenyewe. Akaisajili anwani hiyo kwa takriban dola 10, na uenezi wake ukapungua mno. Hata hivyo faili zilizokwisha kufungwa zilibaki zimefungwa.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba masasisho ya usalama ya kila mwezi yapokelewe. Mwenye kuweka ndani ya kompyuta yake majina na michango ya waumini amebeba amana ya watu, na hana ruhusa ya kuuacha mlango wazi kwa sababu ya bando la megabaiti mia kadhaa.

Lakini tusiwadhulumu wenye hofu. Yapo masasisho yaliyoharibu, nayo si ya kubuni. Tarehe 2 Oktoba 2018 lilitolewa sasisho kubwa la Windows 10, toleo namba 1809. Mnamo siku chache watu wakaanza kulalamika kwamba wamewasha kompyuta na kukuta hati, picha na nyimbo zao hazipo. Tarehe 6 Oktoba Microsoft ikasitisha ugawaji wake. Ilibainika kwamba walioathirika ni wale waliokuwa wamehamishia folda zao za hati au picha kwenye diski nyingine, kisha baadhi ya faili zikabaki kwenye folda ya zamani. Sasisho liliiona folda ile ya zamani kuwa ni pacha asiye na kazi, likaifuta pamoja na vilivyomo. Kampuni ilisema waliotoa taarifa za kupotelewa ni mtu mmoja katika kila elfu kumi, na toleo lililosahihishwa halikurudi hadi tarehe 13 Novemba. Jambo ambalo hatukulipenda ni kwamba baadhi ya watumiaji wa majaribio walikuwa wameripoti kasoro hiyo miezi kadhaa kabla, na ripoti zao zikazama katikati ya maelfu ya ripoti nyingine.

Mmoja katika elfu kumi ni hesabu ya kutuliza moyo, mpaka mmoja huyo awe ni wewe, na picha zilizofutwa ziwe ndizo pekee za marehemu mama yako.

Na hapa ipo nukta ambayo wengi huikosa. Waliolitoa sasisho lile hawakurudishiwa faili zao kwa kulitoa. Kuondoa sasisho hurudisha programu endeshi ilivyokuwa. Hakurudishi kilichofutwa. Kwa hiyo kinga ya kwanza haimo katika kujua kuondoa, bali katika kuwa na nakala ya faili mahali pengine kabla ya kupokea. Diski ya nje moja yatosha kwa familia, na kwa daftari la chama hata flashi mbili zinatosha, moja kwa mtunza hazina na moja kwa katibu. Muhimu ni kwamba diski ichomolewe baada ya kunakili. Diski iliyoachwa imechomekwa huambukizwa pamoja na kompyuta, kwani zile programu za kudai fidia hufunga kila diski zinazoikuta.

Pamoja na nakala, yapo mambo ya kutazamwa kabla. La umeme kila mtu analijua: kompyuta ya mapajani iwe kwenye chaji na betri iwe imejaa, na ile ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme isisasishwe siku za mgao. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi Windows ikiwashwa itaandika kwamba inatengua mabadiliko. Iachwe, hata ikichukua saa mbili. Wengi huua mashine hapo kwa kukosa subira, si kwa kukatika kwa umeme.

La bando lina dawa yake. Katika mipangilio ya mtandao kuna swichi ya kuiambia Windows kwamba intaneti hii hulipiwa kwa kipimo. Ukiiwasha, masasisho mengi hayatapakuliwa mpaka utakapotaka mwenyewe. Hali kadhalika, nyumba au madrasa yenye kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja yaweza kupakua mara moja tu, kisha kompyuta zikagawiana zenyewe kwa zenyewe. Chaguo hilo limo katika mipangilio ya masasisho, sehemu ya njia za upakuaji. Angalia tu kwamba umechagua kugawana na kompyuta za mtandao wako, si na za intaneti nzima, la sivyo bando lako litatumika kuwapakia watu wa mbali usiowajua.

Saa nazo hupangika. Windows hukubali kuelezwa saa za kazi, hadi 18 kwa siku, na ndani ya saa hizo haijiwashi upya yenyewe. Familia inayolala baada ya Isha yaweza kuziweka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na mashine ikafanya mambo yake watu wakiwa wamelala.

Lipo jambo moja zaidi ambalo ni zito kuliko hayo, nalo huwapata hasa wanaonunua kompyuta za mtumba. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufungwa diski yake kwa fumbo linaloitwa BitLocker, ili mwizi asisome yaliyomo. Mara nyingine sasisho huifanya mashine isijitambue, nayo huomba ufunguo wa tarakimu 48. Sasisho la mwezi Julai 2024 lilifanya hivyo kwa baadhi ya kompyuta. Ufunguo huo aghalabu huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza. Sasa tujiulize: ni nani aliyeiwasha ya kwako? Ikiwa ni muuzaji, au kijana wa dukani aliyetumia barua pepe yake ili mambo yaende haraka, basi ufunguo wa hati zako uko kwake, na huenda amekwisha kulisahau neno la siri la akaunti hiyo. Kabla ya sasisho lolote lijalo, fungua mipangilio, tazama akaunti iliyomo ni ya nani, na kama diski imefungwa kwa fumbo, uchapishe ufunguo wake kwenye karatasi. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Tumekuja kwenye kuondoa. Tuseme umelipokea sasisho la mwezi, na tangu siku hiyo printa haichapi, au kompyuta yajizima. Kwanza thibitisha kwamba sasisho ndilo lenye kosa. Ingia katika mipangilio, sehemu ya masasisho ya Windows, ufungue historia yake, utazame tarehe. Kama matatizo yalianza kabla ya tarehe hiyo, unamshitaki asiyehusika. Kama tarehe zinalingana, chini ya historia hiyo kuna mahali pa kuondolea masasisho. Orodha itafunguka yenye namba za KB, uchague ile ya siku hiyo, uiondoe, uwashe upya. Yapo machache ambayo hayaondoleki kabisa, hasa yale yanayotengeneza chombo chenyewe cha kusasishia, na usipoona kitufe cha kuondoa usilazimishe kwa programu za kupakua mitandaoni.

Likisha kutoka, simamisha upokeaji kwa wiki moja au mbili. Windows 11 hukubali kusimamishwa hadi wiki tano. Usipofanya hivyo, sasisho lile lile litarudi usiku huo huo, na utamlaumu fundi bure. Kusimamisha huko kunampa mtengenezaji nafasi ya kutoa lililosahihishwa. Kusiwe ni kwa kudumu, kwani pamoja na kasoro ya printa umeyang'oa na makomeo yote yaliyoletwa na sasisho lile.

Sasisho kubwa la mwaka lina mlango wake. Katika mipangilio, sehemu ya mfumo, penye urejeshaji, kuna kitufe cha kurudi kwenye toleo lililotangulia. Kitufe hicho huishi siku 10 tu tangu toleo jipya lilipoingia. Toleo la zamani huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old, inayokula gigabaiti nyingi, na siku 10 zikipita Windows huifuta yenyewe. Kwa hiyo atakayeona diski imejaa akaisafisha folda hiyo siku ya tatu amejifungia njia ya kurudi. Ukirudi, hati na picha zako hubaki, bali programu ulizosakinisha baada ya toleo jipya hutoweka na utazisakinisha upya. Ushauri wetu ni kwamba siku tano za mwanzo kila mwanafamilia aijaribu kazi yake: printa, kamera ya masomo ya mtandaoni, programu ya mahesabu, fonti za Kiarabu. Asingoje siku ya kumi na moja.

Na ikiwa kompyuta haifiki hata kwenye kioo cha mwanzo? Watu wengi hapo humpa fundi, na fundi wa haraka hufuta kila kitu na kusakinisha upya. Kabla hujakubali kufutiwa, jaribu hili. Iwashe, alama ya kampuni ikitokea ikandamize swichi ya kuwashia kwa takriban sekunde kumi mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu. Safari inayofuata Windows hutambua kwamba imeshindwa kuamka, ikafungua kioo cha matengenezo. Ingia katika utatuzi wa matatizo, kisha chaguo za juu, nawe utaona mahali pa kuondolea masasisho. Kuna machaguo mawili, la mwezi na la toleo zima. Anza na la mwezi.

Tuseme pia neno juu ya baadhi ya mafundi wa mitaani. Wapo waaminifu na wenye ujuzi, na wengi wetu tumenufaika nao. Lakini imekuwa ada kwa baadhi yao kukabidhi kompyuta ikiwa masasisho yamezimwa moja kwa moja, bila kumwambia mwenye mali. Sababu aghalabu ni kwamba Windows waliyoiweka imefunguliwa kwa programu ya kughushi leseni, na wanahofia sasisho litaufichua mchezo huo. Hukumu ya kutumia kitu cha namna hiyo tunawaachia wenye elimu ya fikihi katika kurasa zao. Sisi tunasema la kiufundi tu: programu nyingi za kughushi hutaka kwanza kinga ya virusi izimwe ndipo zifanye kazi, na anayemzimia mlinzi taa kwa ombi la mgeni hana namna ya kujua mgeni huyo ameingia na nini. Unapochukua kompyuta kwa fundi, bonyeza mbele yake kitufe cha kutafuta masasisho. Kikigoma, muulize.

Limebaki suala la Windows 10, ambalo linawagusa wasomaji wetu wengi. Toleo hilo lilizaliwa tarehe 29 Julai 2015, na masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikufa siku hiyo. Inawaka na kufanya kazi kama jana, na ndiyo maana watu wengi hawakuona tofauti. Kilichokoma ni makomeo. Microsoft ilitangaza kwa watumiaji wa nyumbani nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Kujiandikisha ni ndani ya ukurasa wa masasisho wa kompyuta yenyewe.

Kuhamia Windows 11 hakutozwi kwa mwenye Windows 10 halali, ila mashine yenyewe inatakiwa kufuzu: kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, pamoja na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa sharti hilo la mwisho, mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 zimetupwa nje, hata zile nzima zisizo na mkwaruzo.

Mtunza hazina mmoja wa msikiti ametuuliza afanye nini na kompyuta ya namna hiyo, kwa kuwa kamati haina fedha ya nyingine. Tumemshauri ajiandikishe kwa nyongeza ili apate muda. Katika muda huo aijaribu Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni bure kwa halali yake na hupokea masasisho ya usalama kwa miaka mitano kwa matoleo yao ya muda mrefu. Kazi yake ni kuandika majina, kujumlisha michango na kuchapisha risiti, na hayo yote LibreOffice huyaweza. Mwenye hofu ya ugeni akumbuke kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuitafsiri kwa Kiswahili OpenOffice, mzazi wa programu hiyo, wakaiita Jambo OpenOffice. Linux hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows iliyomo, ili printa na modemu zithibitishwe kwanza. Wiki ijayo, inshaallah, tutaeleza namna ya kuitengeneza flashi hiyo. Atakayependa kufuatana nasi awe na flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi, na daftari la chama liwe limekwisha kunakiliwa mahali pawili.